Silanga Hufa kwa Kukosa Matunzo, Si kwa Kiangazi Pekee

Katika maeneo makavu ya Ganze, Magarini na Kinango, silanga likikauka lawama huenda kwa mvua. Lakini kuna misimu ambayo mvua hunyesha na maji hukosa pa kukaa, kwa kuwa silanga limejaa tope.

Tupige hesabu. Silanga la mita 60 kwa 50 likijaa tope la sentimita 30 hupoteza nafasi ya lita 900,000. Hiyo ni mitungi 45,000 ya lita 20. Boma 100 zinazoteka mitungi mitano kila siku zingetumia maji hayo kwa siku 90.

Tope hilo hutoka mashamba ya juu yaliyolimwa kufuata mteremko, na mahali miti ilikokatwa kwa makaa. Kulichimbua bila kuweka matuta na nyasi huko juu ni kazi ya bure. Uchimbaji ufanywe wakati wa kiangazi, na usipite tabaka la udongo wa mfinyanzi, la sivyo maji yatapotelea ardhini. Tope lililotolewa lisirundikwe ukingoni, maana mvua italirudisha.

Pili ni ukuta wa udongo. Nyasi fupi huulinda, lakini miti mikubwa huudhuru: mizizi ikioza huacha mianya ambayo maji hupenya. Vichuguu, mashimo ya wanyama na njia za ng'ombe pia huudhoofisha. Mifugo wanyweshwe kwenye birika nje ya ua. Nyufa na mashimo yazibwe kwa mfinyanzi unaoshindiliwa tabaka kwa tabaka. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Tatu, na la hatari zaidi, ni njia ya kutolea maji yaliyozidi. Wako wanaoiziba kwa mawe na magunia ya mchanga ili silanga lihifadhi maji mengi. Mvua kubwa ikija, maji hupanda juu ya ukuta, huumomonyoa na kuukata. Bwawa la Solai, Nakuru, lilipopasuka usiku wa Mei 9, 2018, zaidi ya watu 40 walifariki. Wanaoishi chini ya silanga wana haki ya kujua hali ya ukuta ulio juu yao.

Je, kazi hii ni ya nani? Katiba ya 2010 inazipa kaunti jukumu la huduma za maji, kwa hivyo trekta na wahandisi tuwadai huko. Kufyeka vichaka, kukagua nyufa na kutunza ua ni kazi ambayo kamati ya wenyeji inaweza kufanya kwa jembe na panga.

Kwenye vikao vya bajeti, tusiombe masilanga mapya pekee. Tuulize pia ni pesa ngapi zimetengwa kukarabati yaliyopo. Mvua za vuli huanza Oktoba, na ukaguzi unafaa kukamilika kabla ya hapo.