Kodeki za Simu za Intaneti na Ushahidi wa Matamshi

Mtafiti wa lahaja aliye Dar es Salaam aweza siku hizi kuzungumza na mzee aliye Lamu kwa simu ya intaneti, na kuyanasa maneno yake bila ya kufunga safari. Faida yake ni dhahiri. Walakini yafaa ikumbukwe kwamba sauti impatayo mtafiti siyo ile hasa iliyotoka kinywani mwa mzee. Ni sauti iliyopunguzwa, ikafungwa, ikasafirishwa, kisha ikafunguliwa. Programu ifanyayo kazi hiyo huitwa kodeki, na kila kodeki ina kanuni zake za kuamua kipi kibakie na kipi kiachwe.

Kodeki kongwe itumikayo hata leo ni G.711, iliyokubaliwa kimataifa mwaka 1972. Hiyo hupima wimbi la sauti mara 8000 kwa sekunde, na kila kipimo huandikwa kwa biti 8. Jumla yake ni biti 64,000 kwa sekunde. Kwa kuwa mitetemo iwezayo kuhifadhiwa haipiti nusu ya idadi ya vipimo, desturi ya simu imekuwa kupitisha mitetemo baina ya 300 na 3400 tu kwa sekunde.

Irabu tano za Kiswahili hazidhuriki sana kwa upungufu huo. Wanaodhurika ni konsonanti za mkwaruzo. Sauti ya s, kwa mfano, ina nguvu nyingi juu ya mitetemo 4000. Hiyo ikikatwa, s hukaribiana mno na f na th. Hapo saa na faa, suka na fuka, samani na thamani, huwa vigumu kupambanuliwa kwa sikio peke yake. Katika mazungumzo ya kawaida maana ya sentensi humwokoa msikilizaji. Katika uchunguzi wa matamshi wokovu huo ndio hatari yenyewe, maana sikio husikia lile linalotarajia. Ikiwa linaloulizwa ni kama msemaji hutamka dhambi au zambi, simu nyembamba ni shahidi dhaifu.

Kodeki za namna ya pili hazipeleki wimbi lenyewe. G.729, ya mwaka 1996, hupeleka maelezo ya umbo la njia ya sauti ya msemaji pamoja na mtikiso unaoiamsha, na kifaa cha upande wa pili huiunda sauti upya kwa maelezo hayo. Hivyo biti 8000 kwa sekunde hutosha. Lakini njia ya intaneti ina ushuru wake: sauti hukatwa vipande, aghalabu vya sehemu 20 za elfu za sekunde, na kila kipande hubeba anwani ya baiti 40. Vipande 50 kwa sekunde huongeza biti 16,000. Kwa hiyo anwani huwa nzito mara mbili kuliko sauti yenyewe.

Kipande kikipotea njiani hakingojewi, kwani mazungumzo hayastahimili kuchelewa. Kodeki huziba pengo kwa kukisia kutokana na sauti iliyotangulia. Ukisio huo huifaa irabu ndefu, lakini waweza kuipoteza pumzi ya konsonanti, ile inayotenga paa mnyama na paa la nyumba katika matamshi ya Kimvita.

Kodeki ya Opus, iliyotangazwa mwaka 2012, imepanua mipaka. Yaweza kutumia kuanzia biti 6000 hata 510,000 kwa sekunde, na kupitisha mitetemo mpaka 20,000, ikijibadilisha kadiri ya njia. Kujibadilisha huko ndiko kunakotaka hadhari: mtandao ukidhoofika, s ya mwanzo wa mazungumzo na s ya mwisho wake huenda zisiwe zimepita katika kipimo kimoja, hata msemaji asipobadili lolote.

Basi kunasa upya sauti hiyo katika faili kubwa hakurudishi kilichokwisha kuachwa. Kwa msamiati, sarufi na hadithi, simu ya intaneti ni chombo chema. Kwa matamshi, njia iliyo salama ni sauti inaswe palepale alipo msemaji, faili lake zima lipelekwe baadaye, na jina la kodeki iliyotumika liandikwe pamoja na jina la mji na tarehe.