Sanamu Ikitukanwa, Mkristu Afanye Nini?

Siku ya 12 ya mwezi wa kumi, mwaka 1995, Wakatolika wa Brazili walikuwa katika sikukuu ya Bikira Maria wa Aparecida, msimamizi wa nchi yao. Siku ile ile mchungaji mmoja wa Kanisa la Universal, jina lake Sérgio von Helde, alionekana katika televizioni na sanamu ya Bikira kando yake. Akaipiga kwa mikono na kwa miguu, akisema kwamba ni kitu tu, haiwezi neno. Nchi nzima ikachafuka.

Kwa sababu gani? Sanamu ya kwanza ya Aparecida ni ya udongo, urefu wake haufiki sentimeta 40. Wavuvi 3 waliipata mtoni mwaka 1717. Ile iliyopigwa mwaka 1995 ilikuwa mfano wake tu. Lakini watu hawakuuliza bei yake. Mtu akitemea mate picha ya mama yako, je, utasema: «Si neno, ni karatasi»?

Hayo ndiyo mafundisho ya Mtaguso wa pili wa Nisea, mwaka 787: heshima haibaki katika mti wala udongo, hupita na kumfikia yule anayeonyeshwa na sanamu. Basi mchungaji yule alisema nusu ya kweli. Sanamu haina nguvu. Hata katekista hafundishi vingine. Alikosa alipodhani kwamba tunaabudu udongo.

Tutazame sasa namna watu walivyojibu. Wengi walisali na kumheshimu Bikira mbele ya watu wote. Wengine walishambulia nyumba za sala za Universal. Mkubwa wa Kanisa lile, Edir Macedo, aliomba msamaha, na mwaka 1997 tribinali ilimhukumu von Helde kifungo cha miaka 2 na miezi 2. Sala ilijibu tukano. Tribinali ilitengeneza haki. Mawe yalifaa nini? Aliyetukana akipigwa mawe, kesho yeye ndiye analia kwamba ameonewa. Tena, anayevunja nyumba ya jirani kwa ajili ya udongo anamshuhudia adui kwamba udongo ndio mungu wake.

Lakini tusichanganye mambo. Ekaristia si sanamu: ni Kristu mwenyewe. Mkatolika anayetupa Hostia takatifu, au kuichukua kwa nia ya kuikufuru, sheria ya Kanisa (kanoni 1382) inamtenga papo hapo, na Kiti cha Mtume peke yake chaweza kumwondolea adhabu hiyo. Hata hapo sheria haimpi mkristu fimbo mkononi.

Basi, likitokea katika parokia yetu, tufanye hivi: tumwarifu padri bila kuchelewa, tukusanye kwa heshima kilichobaki, tufanye saa ya kuabudu kwa malipizi, tuwafundishe watu maana ya sanamu, na kama sheria ya nchi imevunjwa, tuwaachie waamuzi.

Mwaka 1978 kijana mmoja aliiangusha sanamu yenyewe ya Aparecida, ikavunjika vipande vingi. Fundi mmoja wa São Paulo, Maria Helena Chartuni, aliunganisha vipande vile kimoja kimoja, mpaka sanamu ikarudishwa Aparecida. Kazi ya malipizi ni ya namna hiyo: haina makelele, yataka mikono yenye subira.