Je, Wajua? Rangi ya gari la kifahari ni nyembamba kuliko ganda la yai

Tabaka zote za rangi kwenye boneti ya gari jipya, kuanzia praima hadi ile ya juu inayong'aa, kwa kawaida zina unene wa mikroni 100 hadi 150 tu. Bei kubwa haiongezi sana hapo. Ndiyo maana kijiwe kilichorushwa na tairi la lori hufika hadi kwenye chuma, na kovu dogo kama punje ya mtama linastahili kuzibwa mapema, kabla unyevu haujapenya pembeni na kuivimbisha rangi.

Wapo wanaosema Range Rover, ambayo bodi yake ni ya alumini tangu toleo la 2012, haihitaji haraka hiyo kwa kuwa alumini haishiki kutu nyekundu. Ni kweli, lakini nayo huliwa: hutoa unga mweupe unaobandua rangi, na chumvi ya pwani huchochea. Wengine huogopa kiraka kuonekana. Kitaonekana ukikazia macho, hasa kwenye rangi ya metaliki, kwa sababu chembe zake zinazometa hulala tofauti zikipakwa kwa brashi kuliko zikipulizwa. Hata hivyo, kupuliza boneti nzima kwa ajili ya tundu moja ni kuikwangua rangi ya kiwandani, iliyookwa kwa joto ambalo gari lenye plastiki na nyaya zake haliwezi kulistahimili. Afadhali kusafisha kovu kwa spiriti, kununua rangi kwa namba iliyo kwenye kibandiko cha gari, kisha kuidondosha humo kwa ncha ya kijiti cha meno, tabaka jembamba baada ya jingine, kila moja likikauka kwanza.