Fahamu: Marcos au TVR, ununue lipi?

Bodi ya faibaglasi, injini ya kuazima, idadi ndogo: kwa mbali magari haya ya michezo ya Uingereza ya miaka ya 1960 ni ndugu. Tofauti iko chini.

Marcos 1800 GT ilitoka mwaka 1964 ikiwa na injini ya Volvo na fremu ya plaiwudi iliyounganishwa kwa gundi. Ndiyo, mbao, ya chuma ilikuja 1969. Mbao kavu hudumu, lakini maji yakipenya kwenye maungio huoza kimyakimya huku rangi ya nje iking'aa. TVR Vixen (1967–1973), ya Blackpool, ina fremu ya mabomba ya chuma, na adui wake ni kutu. Kutu fundi wa kuchomelea huimudu.

Mengi yaliuzwa vipandevipande, mnunuzi ayaunge nyumbani akwepe kodi, mpaka VAT ilipoingia 1973. Kwa hiyo uliza gari liliungwaje.

Kwenye Marcos, kaa kwanza: viti havisogei, husogezwa pedali. Mimi ningechukua Vixen, nyingi zikiwa na injini ya Ford, ambayo spea zake si shida kupata.