Mutoto wa Katikati

Katika nyumba nyingi za Wakristo wetu kuna mama mwenye watoto wane ao watano, na wote ni wadogo. Mukubwa ana miaka 8, anayemufuata ana 5, mwingine hajafika 3, na wa mwisho yuko mugongoni. Mama huyu anaamuka mbele ya jua. Anateka maji, anawasha moto, anakwenda shamba na mutoto mugongoni, anarudi na kuni na mihogo juu ya kichwa, anatwanga, anapika, anaosha watoto, na usiku analala akinyonyesha. Hakuna mutu anayeweza kumwambia kwamba ni muvivu. Lakini kati ya watoto wake kuna mumoja aliye katika hatari kupita wengine wote, na mara nyingi si yule ambaye watu wanamuogopea.

Watu wanaogopea mutoto muchanga. Ni vizuri kumulinda, lakini muchanga ana maziwa ya mama yake mchana na usiku. Wakubwa wana miguu na mikono. Wanachuma mapera, wanachoma mahindi, wanakamata panzi, wanajua kufika kwa shangazi wakati sufuria inapotolewa kwa moto. Yule wa katikati hana maziwa tena, wala hana nguvu za kujitafutia. Aliondolewa kwa titi kwa sababu ya ndugu yake, na tangu siku hiyo hakuna mutu anayehesabu anakula mara ngapi.

Mwaka 1933 munganga mwanamuke aliyeitwa Cicely Williams, aliyezaliwa Jamaika, alikuwa akitumika katika Gold Coast, inchi inayoitwa Ghana leo. Aliandika habari za watoto waliovimba miguu na kubadilika ngozi. Mwaka 1935 aliuita ugonjwa huo kwa jina alilolisikia katika luga ya Waga: kwashiorkor. Maana yake ni ugonjwa wa mutoto aliyeondolewa wakati mwingine anapozaliwa. Angalieni vizuri: mbele ya waganga kuandika vitabu, mama wa inchi ile walikwisha kuona ni mutoto gani anayeshikwa na kwa nini. Kwetu katika Kivu watu wanasema bwaki. Pale Lwiro, karibu na Bukavu, ambapo nyumba ya kuchunguza elimu ilianzishwa mwaka 1947, waganga walifanya kazi miaka mingi juu ya ugonjwa huu, kwa sababu vijiji vilivyozunguka vilikuwa na watoto wengi wa namna hiyo.

Namna gani mama anaweza kuutambua? Kwanza tabia ya mutoto inabadilika. Aliyekuwa akicheza anakaa pamoja, analia pasipo sababu, hataki kula, hacheki. Nyuma miguu inavimba, yote miwili. Weka kidole gumba juu ya muguu wake, kandamiza polepole ukihesabu mpaka tatu, kisha ondoa. Kama shimo linabaki, hiyo ni maji chini ya ngozi, na unapashwa kumuleta hospitali siku ile ile. Nywele zinageuka nyekundu, zinakuwa chache, na ukizivuta kidogo zinatoka bila maumivu. Ngozi inakuwa na alama nyeusi na kubambuka kama rangi ya ukuta wa zamani. Uso unakuwa muviringo.

Uso huo umedanganya watu wengi. Jirani anapita na kusema, "Mama, mutoto wako amenenepa!" Uzito ule ni maji. Mutoto aliyevimba na mutoto aliyekonda mpaka mbavu zinaonekana, wote wawili wanakosa chakula cha kuwatosha, na wengine wana vyote viwili: mikono kama vijiti na miguu kama mukate.

Wengine wanasema ni sumu, ao uchawi wa muke mwenzake, ao ni kwa sababu baba alivunja muiko. Hatuandiki hivi kwa kuwacheka. Mutu akiona mutoto wake anageuka hivyo, atatafuta sababu. Lakini maneno haya yanaleta hasara mbili. Yanatenganisha jamaa, na yanakula siku. Wakati watu wanapozunguka kutafuta nani aliyeloga, mutoto anaendelea kula bugali peke yake. Wengine wanachanja miguu yake ili maji yatoke, ao wanamutilia dawa za majani kwa njia ya nyuma. Vidonda vile vinaoza upesi, na kuhara kunamumaliza.

Basi ugonjwa unatoka wapi? Bugali ya mihogo inashibisha tumbo, inatoa nguvu za kulima, lakini ina chakula kidogo sana cha kujenga mwili. Mutu mukubwa anaikula na sombe, maharagi, samaki, anasaidiwa. Mutoto wa miaka miwili ana tumbo dogo. Akijaza tumbo lile kwa bugali, hakuna nafasi tena kwa kitu kingine. Zamani waganga walisema ni ukosefu wa chakula cha kujenga mwili tu. Sasa wanajua kwamba jambo ni kubwa zaidi, na hata leo wanachunguza kwa nini mutoto mumoja anavimba na mwingine anakonda. Lakini wanajua kwamba magonjwa yanasukuma mutoto ambaye amekwisha kuwa zaifu: surua, kuhara, malaria. Mara nyingi mama anatuambia, "Alikuwa muzima mpaka alipougua surua." Ndiyo, alikuwa amesimama kwenye ukingo, na surua ikamusukuma. Kwa hiyo chanjo ya surua ni dawa ya bwaki vilevile.

Sasa tuingie ndani ya nyumba, wakati wa kula. Sahani ni moja, watoto wanaizunguka. Yule wa miaka 8 anamega tonge kubwa na kuchovya vizuri. Yule mudogo anatafuna polepole. Alipomeza la pili, mboga imekwisha. Hakuna mutu aliyemunyima, kila mutoto amekula kwa mukono wake, na mama, akinyonyesha muchanga kando ya moto, anafikiri wote wameshiba. Mumupe mutoto wa katikati sahani yake mwenyewe, hata kama ni kipande cha kibuyu. Hapo mama ataona kwa macho yake amekula kiasi gani na amebakiza nini. Hakuna feza inayohitajiwa kwa jambo hili.

Tena anapashwa kula mara nyingi. Mara mbili kwa siku inatosha baba, haitoshi mutoto wa miaka miwili. Mumupe mara tatu ao ine, na kati yake kitu kidogo kama ndizi, parachichi ao karanga zilizotwangwa. Mama atauliza: "Nitapika mara ine saa gani, nami niko shamba?" Neno hili ni la kweli. Lakini uji wa asubuhi unaweza kupikwa usiku unapopika bugali, ukafunikwa, na kuchemushwa tena asubuhi. Maharagi yaliyobaki yanapondwa na kupashwa moto. Na kama mutoto wa miaka 8 ndiye anayebaki na wadogo, fundisheni yeye vilevile, maana ndiye "mama" wa mchana. Mwonyesheni kunawa mikono kwa maji na sabuni, kupasha uji moto, na kumungojea mudogo mpaka amalize. Lakini musimufungie nyumbani kwa kazi hiyo siku za masomo. Yeye pia ni mutoto.

Chakula cha kujenga mwili hakiko mbali kama watu wanavyofikiri. Maharagi yaliyopikwa mpaka yalainike, yapondwe na kuondolewa maganda. Karanga zilizotwangwa na kutiwa ndani ya sombe. Lakini zile zenye ukungu ao uchungu mutupe, zina sumu. Ndakala kavu zitwangwe nzima, na vichwa vyao, zikuwe unga, na kijiko kimoja kitiwe ndani ya uji. Wenye kukaa karibu na ziwa Kivu wana sambaza. Wenye kukaa katika pori wana viwavi na kumbikumbi, na hivi ni nyama kamili; ni haya ya bure kuviacha kwa kutaka nyama ya makopo. Mafuta ya mawese, yale mekundu, kijiko kimoja ndani ya chakula cha mutoto: yanaongeza nguvu na kulinda macho. Kwa uji, chukueni vikombe viwili vya unga wa mahindi na kimoja cha unga wa soja. Soja ikaangwe vizuri mbele ya kusagwa, maana mbichi inasumbua tumbo, na uji uchemuke muda mrefu.

Na mayai? Hapa tunasema na wababa. Kuna nyumba ambamo kuku wanataga, mayai yanauzwa sokoni, na feza inanunua soda na biskuti za kutuliza mutoto anayelia. Biashara hiyo ni ya hasara. Tena kuna muiko wa zamani unaokataza mutoto kula mayai, kwamba atakuwa mwizi ao atachelewa kusema. Tumeona watoto wengi wakila mayai, na wanasema kupita kiasi.

Sasa jambo gumu zaidi: kuachisha titi. Katika vijiji vingi, mara mama anapojua kwamba ana mimba, anaachisha mutoto siku moja. Anapakaa pilipili kwenye titi, ao anatuma mutoto kwa nyanya yake. Watu wanasema maziwa ya mimba yanaharibika na kuua mutoto. Si kweli. Maziwa yanaweza kupunguka, na ladha yake inaweza kubadilika, lakini si sumu. Mama mwenye afya anaweza kuendelea kunyonyesha katika mimba, akila vizuri. Kama alikwisha kupoteza mimba, ao anatoka damu, aulize munganga. Na mutoto anayetumwa kwa nyanya anapoteza maziwa, mama, na kitanda chake, vyote katika siku moja. Je, tunashangaa akikataa kula? Kama kuachisha kunalazimishwa, kufanywe polepole katika majuma mengi, kuondoa mara moja ya kunyonya na kuweka uji pahali pake.

Kanuni ni hii: maziwa ya kwanza, yale ya manjano, yasitupwe. Mpaka miezi 6 maziwa ya mama tu, hata maji hapana. Kutoka miezi 6 uji muzito na vyakula vilivyopondwa, pamoja na titi, mpaka miaka 2 na kupita. Hana, mama ya Samweli, alibaki nyumbani mpaka alipomaliza kunyonyesha mutoto wake, ndipo akamupeleka Shilo, na mume wake Elkana alikubali. Musisahau sehemu ya Elkana.

Maana mutoto wa katikati anaondolewa upesi kwa sababu mimba imekuja upesi. Wazee wetu walijua jambo hili. Mume alikaa mbali na muke wake mpaka mutoto alipotembea, lakini mara nyingi alikuwa na muke mwingine. Sisi tumeacha desturi ya wake wengi, na ni vizuri, lakini wengi wameacha kupumzisha mama vilevile. Waganga wanafundisha kwamba ni vizuri kungojea angalau miezi 24 tangu kuzaa mbele ya mimba nyingine. Kunyonyesha kwenyewe kunasaidia katika miezi 6 ya kwanza, kama mutoto hapewi kitu kingine na damu ya mwezi haijarudi. Nyuma ya hapo kuna njia nyingine, na muuguzi atazieleza bila haya. Mukuje wawili, mume na muke. Mama akija peke yake anarudi na maneno ambayo hana ruhusa ya kuyafuata.

Jambo moja dogo la usiku: chandarua. Muchanga analala ndani yake na mama. Aliyekuwa pale mwaka uliopita anahamia kwenye mukeka pamoja na wakubwa, na umbu wanamukuta. Tafuteni chandarua cha pili. Na akihara, mumupe maji ya dawa ya pakiti. Kama haipo, litri moja ya maji yaliyochemushwa na kupoa, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vijiko visijae kupita ukingo. Aendelee kula na kunyonya.

Hospitalini muuguzi atapima mukono wa mutoto kwa mushipi wenye rangi. Kwa mutoto wa miezi 6 mpaka miaka 5, chini ya milimetri 115 ni rangi nyekundu, ni hatari. Mwenye miguu iliyovimba hahitaji kipimo kingine. Kama anakubali kula na hana ugonjwa mwingine, atapewa pakiti za karanga zilizochanganywa na maziwa, sukari, mafuta na dawa za mwili, naye atarudi nyumbani. Kama ni muzaifu sana atalala hapa, na siku za kwanza atapewa maziwa kidogo kidogo, kila saa mbili ao tatu, hata usiku. Jamaa wanaona kikombe kidogo na kukasirika, na wengine wameleta bugali kwa siri. Musifanye hivyo. Moyo wa mutoto huyu hauwezi kupokea chakula kingi mara moja. Anaweza kufa akiwa ameshiba. Tena musitafute dawa ya kukojolesha ili avimbuke. Maji yatatoka yenyewe nyuma ya siku chache, na uzito utapunguka mbele ya kuongezeka. Mumufunike vizuri, kwa kuwa anapata baridi upesi.

Mama akilala hospitali pamoja na wawili, nani atabaki na wakubwa? Baba kwanza. Na wamama wa kanisa wagawanye siku kati yao, kwani mama wengi wanatoroka na mutoto ambaye hajapona kwa sababu ya kufikiri wale walioachwa nyumbani.

Mukirudi, mulete kadi kila juma siku ya kupima. Pakiti za karanga ni tamu, na ndugu zake watazililia. Hesabu iliyotolewa ni ya mutoto mumoja tu kwa siku saba. Ikigawanywa kwa wane, hakuna atakayeshiba na mugonjwa hatapona. Mumupe mbele ya chakula cha wote, kando, akiwa mikononi mwa mama, na maji safi ya kunywa. Muchanga angojee kidogo kwa baba yake.