Usiuze Chuma cha Vitumbua kwa Bei ya Chakavu

Wanunuzi wa vyuma chakavu hawaulizi kilichowahi kupikwa. Wanapita mtaani na mkokoteni na mizani, na chuma cha vitumbua kilicholala uvunguni tangu masika kinakwenda kwa kilo pamoja na vipande vya nondo. Hasara ya bure! Chuma cha kusubu kikishika kutu, mara nyingi kimechafuka juu tu. Kinachokimaliza ni ufa, na ufa huletwa na kuangushwa au kumwagiwa maji baridi kingali cha moto. Chenye ufa, haya, mpe mwenye mizani.

Hakikisha kwanza kuwa ni chuma kweli. Vingi vinavyouzwa siku hizi ni vya alumini. Hivyo havishiki kutu, wala sumaku haivinasi.

Kutu inatolewa kwa siki na maji, nusu kwa nusu. Loweka nusu saa, kisha sugua kwa waya wa masufuria, shimo moja moja. Ikibaki, rudia. Usikilaze humo usiku kucha, maana siki ikimaliza kutu inageukia chuma chenyewe. Osha, halafu kibandike jikoni papo hapo kikauke. Kwa unyevu na chumvi ya hewa ya Pwani, chuma kilicho uchi hakichelewi kuota kutu upya.

Sasa mafuta, na hapa ndipo wengi wanapoharibu, kwa ukarimu. Paka kidogo kila mahali, nyuma na mbele, kisha futa kwa kitambaa hadi kionekane kikavu. Kinachobaki kinatosha. Mafuta yakipata hewa na moto wa nyuzi 200 na zaidi, hushikana yenyewe kwa yenyewe na kuwa utando mgumu uliong'ang'ania chuma. Yakiwa mengi hayakauki vizuri. Yanabaki kunata kama ulimbo, na vitumbua vitakuonyesha. Mwenye oveni akifudikize humo saa moja, akiache kipoe humo humo. Wa jiko la mkaa afanyie kazi nje, kwa sababu ya moshi, akikigeuzageuza mpaka kiache kufuka. Rudia mara tatu, nne, hadi weusi urudi.

Mafuta gani? Mkono wa mtu wa Pwani utakwenda kwenye nazi, na najua nitawaudhi baadhi ya watu: kwa kazi hii nazi haifai. Ni mafuta yanayoganda, na kwa maumbile yake ni mazito kushikana, hivyo utando wake ni dhaifu. Alizeti au soya yanafanya vizuri zaidi. Tui libaki kwenye rojo.

Kuna pia wanaoapa kwamba sabuni haigusi chuma. Sabuni ya kawaida ya vyombo haiudhuru utando uliokwisha kauka. Kinachoubandua ni soda kali ya kutengenezea sabuni, na vitu vichachu: ukwaju, ndimu, nyanya zilizochemka muda mrefu. Kusini mwa India wana chuma chenye mashimo kama hiki cha kupikia paniyaram, Wadenmark wana cha æbleskiver, na kote huko kukifufua ni kwa mafuta na moto vivyo hivyo.

Mikupuo ya mwanzo ina kiburi, kwa kuwa sukari ya kwenye rojo hupenda kushika. Ongeza mafuta katika kila shimo, yaache yapate moto ndipo umimine. Kitumbua kikigoma kugeuka, chini hakijaiva. Kipe muda, na kisu kiweke mbali.