Breki ya Treni na Kumbukumbu ya Mfanyakazi wa Reli

Treni ya abiria wa mjini ina maisha yake yenyewe. Asubuhi hujaa watu waendao kazini, jioni hujaa warudio nyumbani, na husimama kila baada ya dakika chache. Kila isimamapo, breki hutumika. Haishangazi, basi, kwamba sehemu kubwa ya ujuzi wa wafanyakazi waihudumiao treni hiyo ni ujuzi wa breki: sauti ya hewa inapotoka, harufu ya chuma kilichopata moto, muda unaopita kabla ya magurudumu kuachiliwa. Mambo hayo hukaa katika kumbukumbu ya masikio na mikono. Makala haya yanaeleza jinsi breki hiyo ifanyavyo kazi, na kwa nini kumbukumbu hiyo, ijapokuwa ni hazina kubwa, haitoshi pasipo jaribio.

Hewa ifunguayo breki

Wengi hudhani kwamba dereva husukuma hewa ili breki zikamate. Ukweli ni kinyume chake. Chini ya treni, tangu mbele hadi nyuma, hupita bomba kuu lililojazwa hewa yenye kanieneo la kiasi cha mara 5 ya lile la angahewa. Kila behewa lina tangi lake la akiba, vali, na silinda ya breki. Maadamu bomba limejaa, vali hulijaza tangi na kuiacha silinda tupu, breki zimefunguka. Dereva atoapo hewa katika bomba, kanieneo hushuka, vali hugeuka, na hewa ya tangi hukimbilia katika silinda. Hapo vyuma hubana magurudumu.

Mpango huu ulibuniwa na Mmarekani George Westinghouse mwaka 1872. Breki yake ya kwanza, ya mwaka 1869, ilipeleka hewa moja kwa moja kutoka kwenye injini hadi kwenye silinda. Ilikuwa na kasoro moja kubwa: bomba likipasuka, treni nzima ilikosa breki. Katika mpango mpya, bomba likipasuka au mabehewa yakiachana, hewa hutoka na breki hukamata zenyewe.

Thamani ya jambo hilo ilionekana kwa uchungu huko Armagh, Ireland, tarehe 12 Juni 1889. Treni ya matembezi iliyojaa watoto ilishindwa kupanda mlima, ikagawanywa sehemu mbili. Breki yake haikuwa ya kujikamata yenyewe; mabehewa ya nyuma yalipotenganishwa na injini yaliteremka na kugonga treni iliyokuwa ikifuata. Watu 80 walikufa. Mwaka huohuo sheria ilipitishwa kulazimisha treni za abiria ziwe na breki za kujikamata zenyewe.

Koki moja, mabehewa saba

Hata hivyo, hakuna chombo kinachoweza kujilinda dhidi ya kila kosa. Jioni ya tarehe 27 Juni 1988, treni ya umeme ya mabehewa 8 ilikuwa ikitoka Melun kwenda Paris, Ufaransa. Njiani abiria mmoja alivuta mpini wa hatari, akashuka. Breki zilikamata, kama ipasavyo. Dereva alikwenda kuurudisha mpini mahali pake, na katika kufanya hivyo akaifunga bila kujua koki ya bomba kuu iliyo kati ya behewa la kwanza na la pili.

Tangu hapo treni ilikuwa na mabomba mawili badala ya moja. Hewa ya injini ilijaza behewa la kwanza tu. Mabehewa 7 ya nyuma yalibaki bila hewa katika bomba, na kwa sababu hiyo breki zao zilikataa kufunguka. Hiyo ilikuwa ishara sahihi kabisa. Lakini dereva alidhani kwamba hewa imenaswa katika mfumo, hitilafu ndogo ambayo ina dawa yake. Hivyo yeye na gadi walizifungua breki kwa mkono, behewa baada ya behewa, kwa kuimwaga hewa. Kipimo mbele ya dereva kilionyesha kanieneo kamili. Hakikusema uongo, kilisema habari za behewa moja.

Treni ilikuwa imechelewa, ikaamriwa isisimame katika kituo kilichofuata. Nafasi ya kuigundua hitilafu mapema ikapotea. Ilipokaribia stesheni ya Gare de Lyon, breki za behewa moja hazikuweza kuizuia, ikagonga treni iliyosimama pale imejaa watu. Watu 56 walikufa. Dereva wa treni iliyosimama alikuwa miongoni mwao: alibaki akiwahimiza abiria washuke hadi dakika ya mwisho.

Behewa la mwisho ndilo shahidi

Kinga dhidi ya balaa la namna hii ni rahisi. Kila mara bomba linapofungwa, kufunguliwa au kuunganishwa upya, dereva hulijaza hewa, kisha huipunguza, huku mwenzake akiwa amesimama penye behewa la mwisho. Breki za behewa hilo zikikamata na kisha kuachia, bomba li wazi toka mwanzo hadi mwisho. Zisipofanya hivyo, treni haiondoki.

Katika treni ya mjini jaribio hili huwa na uzito zaidi. Pale ambapo injini moja huhamishwa kutoka upande mmoja wa mabehewa hadi mwingine kila mwisho wa safari, mabomba hufunguliwa na kuunganishwa mara nyingi kwa siku, huku abiria wakinung'unikia ucheleweshaji. Jiji la Dar es Salaam lilianza kuwa na treni za namna hii mwaka 2012, kwenye Reli ya Kati na TAZARA. Na Tanzania haihitaji kufundishwa na Paris pekee: mwezi Juni 2002, mkoani Dodoma, treni ya abiria ilirudi nyuma mteremkoni na kugongana na treni ya mizigo, na zaidi ya watu 280 wakapoteza maisha.

Mfanyakazi mzoefu hukumbuka hitilafu alizowahi kuziponya, naye huwa mwepesi kuiona ya leo kuwa ni ileile ya jana. Ndiyo sababu dakika chache za kutembea hadi behewa la mwisho hazipaswi kuhesabiwa kuwa ucheleweshaji. Ni sehemu ya safari.